Trei la Mayai la Kolumba

Niwieni radhi kabla sijaanza, ili nikishaharibu tusipotezeane muda. Hadithi hii ilinifikia ikiwa nzuri, imenyooka, ina adabu zake. Imekaa kwangu siku mbili tatu, na kinachokaa kwangu hakibaki kama kilivyokuja. Kuna mahali nitazidisha chumvi, kuna mahali nitasahau, na kuna mtu mmoja humo ndani ambaye jina lake sitalitaja hata mkininunulia soda mbili. Wanaotaka hadithi iliyosimuliwa vizuri, mlango ule pale. Haya, mliobaki, sogeeni.

Huko milima ya Umatengo, ambako baridi humfanya mtu aote moto saa sita mchana, kulikuwa na watu watatu kwenye uwanja mmoja, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Kolumba, mke, alikuwa na macho. Angepita kwenye mibuni mara moja, kikapu kichwani, halafu akakwambia ni mbuni upi utaugua wiki ijayo. Na kweli ungeugua.

Ditram, mumewe, alijua kungoja. Angesimama kwenye foleni ya mashine ya kusaga tangu asubuhi, watu wakimpita na ndoo zao, yeye akiwapisha na kuwauliza hali za nyumbani. Saa kumi anarudi na unga wake, hana kinyongo na mtu.

Mama Adelheida, aliyemzaa Ditram na kuishi nyumba ya pili hapo hapo uwanjani, alikuwa na mkono. Mkono ule haukuvumilia kuona kitu cha kuliwa kimekaa bure. Mbegu ya boga iliyoanguka ilikaangwa. Ndizi iliyosahauliwa ilimenywa. Paka wa nyumba ile alikonda.

Basi. Kolumba alipojifungua mtoto wa tatu, mfuko wa uzazi ulichanika. Alipasuliwa hospitali ya misheni, akaongezewa damu, akalala siku tisa hajui jua wala mvua. Alipozinduka, daktari alivuta kiti, akawaambia yeye na mumewe pamoja: "Mshono huu nimeshona kama mtu anayeshona gunia lililooza. Miaka mitatu usiguswe na mimba. Ikiingia kabla ya hapo, sitaki kuwadanganya, naweza nisiwahi."

Kolumba alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikuwa na watoto watatu, na mkubwa, Fidea, alikuwa bado hajajua kufunga kamba za viatu.

Nesi wa kliniki, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimpangia vifaa vyake mezani. "Kuna sindano, kuna vidonge, kuna kijiti cha mkononi. Dada, wewe si mtu wa kubahatisha."

"Asante, nesi. Lakini kwa imani yangu, hapana."

"Imani haishoni mfuko wa uzazi, dada."

Kolumba alivisogeza vyote upande wa nesi. Wifi yake alikuwa na kijiti, na kila Jumapili walishika kitabu kimoja cha nyimbo kwaya ikiimba. Hakumhesabia dhambi. Ila yeye mwenyewe alikuwa ameahidi altareni kupokea watoto, na mwanamke yule akishasema jambo alikuwa hajui namna ya kulirudisha mdomoni. Nesi alimtazama, akashusha pumzi. "Basi hiyo njia yenu ya asili ya kanisani ifuate kama dawa. Usiruke hata siku moja."

Yeye na Ditram wakaenda parokiani kwa Sista Winfrida, mfundishaji wa wanandoa.

"Kanisa halimkatazi mtu kupanga uzazi," Sista aliwaambia. "Linakataza kufuli. Mungu ameijenga nyumba, kuna siku mlango uko wazi na kuna siku umejifunga wenyewe. Mkitaka kusubiri, siku za mlango wazi kaeni nje."

Ditram akainua mkono kama yuko shuleni. "Sista, kwetu kule nje kuna baridi."

"Vaa sweta, Baba Fidea."

Akawafundisha. Kila siku Kolumba ajiangalie: siku za damu, siku kavu, na siku za ute unaoteleza kama ute wa yai bichi. Siku za ute mlango uko wazi, na baada ya siku ya mwisho ya kuteleza wasubiri nyingine tatu. Aandike kila jioni, mume asome.

Hapo ndipo penye kasheshe. Mambo hayo, kwenye nyumba ile, hayakuwa na maneno yake. Walikuwa wameoana miaka minane bila kuyatamka. Kolumba aliona afadhali apasuliwe tena kuliko kumwambia mwanamume, kwa sauti, mchana, leo nina ute. Kwa hiyo akachukua trei la mayai, lile la maboksi lenye mashimo thelathini, akaliweka juu ya kabati la vyombo. Shimo moja siku moja. Siku ya damu, haragwe jekundu. Siku kavu, la kahawia. Siku ya mlango wazi, na zile tatu za kusubiri, haragwe jeupe. Mwezi wa kwanza kuku aliruka akadonoa haragwe moja jeupe, na Ditram akaingia chumbani anapiga mluzi. Tangu siku hiyo Kolumba alijaza kila shimo pomoni, ngumi nzima, kuku ashibe ashindwe.

Miaka mitatu ikaenda hivyo, na kila mmoja akaibeba kwa upande wake.

Kolumba aliibeba kwa macho. Alipougua homa ya matumbo, siku zake zilivurugika zote. Mwanamke mwingine angehesabu kwa vidole na kusema tayari, mambo yamekwisha. Yeye alijiangalia, akaona mlango haujafunguka bado, umechelewa tu, akaendelea kujaza meupe siku kumi na saba. Kwa vidole angekuwa kaburini.

Ditram aliibeba kwa kungoja. Siku kumi na saba zile alilala ghalani, juu ya magunia ya kahawa. Kilabuni wakapata habari. "Ditram, siku hizi tunaomba ruhusa kwa maharage?" Akawajibu, "Maharage yangu yana heshima kuliko wake zenu, yakisema hapana hayarushi mwiko." Wakacheka, akawalipia kikombe, akarudi kwenye magunia. Asingengoja, macho ya Kolumba yangekuwa ya kazi gani?

Na Mama Adelheida? Subirini.

Mwaka wa tatu ulipoisha, daktari alimpima Kolumba, akafurahi kama mtu aliyeona gunia lake bado halijavuja. "Kovu limekomaa. Mkitaka mtoto, sasa mnaweza, ila atazaliwa hapa, kwa upasuaji, tarehe nitakayopanga mimi. Msipotaka, pia sawa."

Walirudi nyumbani wakizungumzia bei ya kahawa tu. Kolumba alimtaka mtoto mmoja wa mwisho. Alimtaka hata akimwona mbuzi ananyonyesha alikuwa anasimama. Lakini angesemaje? Ditram angedhani amesukumwa na mama mkwe. Na Ditram naye alimtaka, hilo Kolumba aliliona, nani amfiche jambo mwanamke yule? Lakini Ditram alikuwa amekaa siku tisa kando ya kitanda cha hospitali, na hakutaka kuwa yeye wa kulisema neno ambalo pengine lingemrudisha mkewe pale. Kwa hiyo wakamwachia trei. Meupe yakija, Ditram anavaa sweta. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano, wa nane. Watu wawili wanataka kitu kimoja, wamelala vyumba viwili, na katikati kuna boksi la mayai.

Sasa ndiyo siku yenyewe. Tarehe kumi na nne. Kolumba na Ditram wako shambani, msimu wa kuchuma. Mama Adelheida amekaa na watoto. Mchana anatokea mgeni, mwanamume mnene, sauti kama kengele ya parokia, anasema anapita tu. Mnawajua wanaopita tu. Alikaa.

"Mama, hapa pananukia ukarimu," akasema. Palikuwa pananukia moshi.

Mama Adelheida akasonga ugali, akatafuta mboga. Maharage ya ndani yote yalikuwa yamekwenda kupandwa wiki ile. Akainua macho juu ya kabati. Akaona maharage mazuri, yamechambuliwa kwa rangi, yamekaa kwenye mashimo hayana kazi. Mkono ukawasha. Mekundu, ya kahawia, meupe, yote yakaingia chungu kimoja.

Mgeni alikula sahani tatu. Akaomba na mchuzi wa chini. Akasimulia vichekesho viwili, watoto wakalia, akaondoka.

Mama Adelheida akaona aibu kuacha trei la watu tupu. Akaenda kwake, akaleta maharage yake aliyoyatunza kwa mbegu, ya kahawia yote, akajaza. Alichukua mashimo kumi na matatu akarudisha thelathini, kwa roho safi kabisa.

Jioni Kolumba aliingia na kikapu, akatazama juu ya kabati. Macho yake hayakuhitaji muda. Asubuhi ile alikuwa ameshajiangalia: ilikuwa siku nyeupe, nyeupe kupita zote za mwezi. Angeweza kulishusha trei pale pale. Alisimama, mkono umefika nusu. Kisha mkono ukageuka, ukachukua sufuria ya chai.

Ditram aliingia, akanawa, akatazama juu. Akatazama tena.

"Mama Fidea."

"Abee."

"Trei limejaa."

"Nimeona."

"Mpaka mwisho limejaa. Leo ni tarehe kumi na nne."

"Hilo nalo nimeona."

Ditram akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Na yote ya kahawia."

"Yote," akasema Kolumba. "Daktari alisema kovu limekomaa, Baba Fidea."

"Nilikuwepo."

"Basi kunywa chai."

Akanywa. Sweta lilibaki limetundikwa ukutani.

Mtoto alizaliwa tarehe aliyopanga daktari, msichana, anapiga kelele, na mama yake macho wazi anamhesabu vidole. Hakuna aliyechanika. Sasa kwenye ukoo ule, anayempa mtoto jina ni yule aliyemfikisha duniani, na neno lake halipingwi. Mzee Wigberti, katekista, alikuja na daftari la ubatizo, kalamu sikioni. "Mstari ni mmoja," akasema. "Jina?"

"Teofila," akasema Kolumba, jina la marehemu mama yake. "Bila macho yangu mtoto huyu asingekuwa na mama wa kumzaa. Na jioni ile nilijua ni siku gani. Nilijua, nikainua sufuria."

"Saburia," akasema Ditram. "Miaka mitatu na miezi minane! Magunia ya kahawa yamenichora mgongoni, njooni msome. Na mimi trei nililiona. Ningeweza kuchukua sweta langu. Nani alinizuia?"

Mama Adelheida, asiyefika kilabuni, alikuwa hajui habari ya trei. Walipomweleza, alikaa chini pale pale uwanjani.

"Kwa hiyo nilipika kalenda?"

"Ulipika kalenda, Mama."

"Na mgeni akaila?"

"Akaomba na mchuzi wa chini," akadakia Fidea, aliyekuwepo.

Alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Kisha akasimama, akajifunga upya. "Andika Adelheida, katekista. Hawa wawili wangekuwa bado wanapanga maharage mpaka nywele zao ziwe nyeupe kama yale waliyokuwa wanayaogopa."

"Mama, wewe hukujua unachofanya!" Ditram akalalamika.

"Ninyi mliojua, miezi minane mlifanya nini?"

Mzee Wigberti aliandika T, akafuta. Akaandika S, akafuta. Akaandika A, karatasi ikatoboka. Akafunga daftari, akasema atarudi Jumamosi.

Na hapo imesimama. Mwenye macho, mwenye kungoja, mwenye mkono: ondoa mmoja, mtoto hayupo. Ninyi mnaonisikiliza, kalamu ile mngemkabidhi nani? Wewe pale nyuma, unayekuna kichwa, ungeandika herufi gani?

Fanyeni haraka, maana Jumamosi nimealikwa kwenye ubatizo, na Kolumba amenitumia ujumbe: nije na jibu, na safari hii nije nimeshakula.