Mawe Manne ya Kiwanja cha Mabembea

Hapo zamani, si zamani za wafalme wala za wanyama kusema, bali zamani ambazo bibi zenu wanazikumbuka na ofisi zimezisahau, palikuwa na mji uliojaa nyumba. Katikati ya nyumba hizo palibaki kiwanja kimoja cha wazi, urefu wake hatua mia moja na arobaini, upana wake hatua tisini. Watu walikiita Kiwanja cha Mabembea. Bembea zenyewe hazikuwapo tena. Minyororo ilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, zikabaki nguzo. Lakini jina haliuzwi kwa kilo, likabaki.

Kwenye pembe za kiwanja yalizikwa mawe manne ya saruji, kila jiwe na kichwa cha chuma kilichochongwa namba. Wapima ardhi wa zamani waliyaweka ili mji ujue: ndani ya mawe haya ni pa kuchezea, hapajengwi. Yashikeni mawe hayo. Ni manne, si matatu.

Basi kiwanja kikageuka jalala. Mwenye ganda akatupa ganda, mwenye kopo akatupa kopo. Hata siku moja akaja mwanamke mmoja na ufagio. Jina lake Bi Mwatumu. Hakutumwa na mtu. Alifagia siku ya kwanza, akafagia ya pili, akafagia mwezi mzima mpaka ardhi ikaonekana. Wanawake wa sokoni walipoona pamesafika wakamwachia watoto wao asubuhi, kila mama na kipande cha kuni au kibaba cha unga. Bi Mwatumu akawapikia uji, akawachezesha, jioni akawarudisha wote, hakupungua hata mmoja.

Siku moja mtoto akikimbia akajikwaa kwenye jiwe la pembeni, akapasuka paji la uso. Bi Mwatumu akasema, "Jiwe limenitolea damu ya mtoto wa watu. Halikai hapa." Akachukua jembe akalichimbua. Akachimbua la pili. Akachimbua la tatu. Akayatazama, akaona yanalingana kimo. Akayapanga chini ya nguzo, akaweka sufuria juu. Mafiga yakapatikana.

Akaenda kwenye jiwe la nne. Pale alikuta mtu.

Mtu huyo alikuwa Fundi Nyangasa, fundi baiskeli. Pembe ile ilikuwa karakana yake: karai la maji la kutafutia pancha, pampu, spoki ndani ya mkebe. Na lile jiwe lenye kichwa cha chuma ndilo lililokuwa fuawe yake. Rimu iliyopinda aliilaza juu yake akaigonga mpaka ikanyooka.

"Fundi, sogea. Nachimba jiwe hilo."

"Kachimbe muhogo, Mama Uji. Hili halichimbwi."

"Litaniumizia watoto."

"Watoto wako wana macho, rimu zangu hazina. Nikilikosa jiwe hili nitazinyooshea wapi, kichwani kwako?"

"Kichwa changu kigumu kuliko hilo jiwe. Jaribu."

"Najua ni kigumu. Nitavunja rimu za watu."

Bi Mwatumu akacheka bila kutaka, akaondoka. Mafiga ni matatu, la nne la nini? Mawe matatu yakabaki chini ya sufuria, moja likabaki chini ya nyundo. Ikapita miaka tisa.

Mwaka wa kumi, mji ukaamua kutengeneza viwanja vyake vyote vya wazi. Patengenezwe njia za kukimbilia, madawati, mabomba ya maji, taa, miti ya kivuli, bembea mpya. Aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa afisa mmoja mpole, mwenye miwani mizito, watu wakamwita Bwana Mipango. Akasema, "Siwezi kupanga nisichokijua. Kwanza tupime upya, tuchore ramani mpya."

Wapima wakaja Kiwanja cha Mabembea. Wakatafuta jiwe pembe ya kwanza, hakuna. Pembe ya pili, hakuna. Pembe ya tatu, hakuna. Fundi Nyangasa alipowaona wanakuja na kamba zao, akatandika gunia juu ya jiwe lake, akalikalia. Alijiambia, "Mtu wa ofisi akija na kamba ya kupimia, ujue amekuja kukuondoa." Wapima wakamsalimia, wakampita. Wakaandika: mipaka haionekani.

Karatasi zao zikafika kwa msichana mmoja aliyeitwa Zawena, mchoraji wa ramani. Zawena alizaliwa mtaa wa pili kutoka kiwanjani. Alibembea kwenye zile bembea kabla minyororo haijauzwa. Kalamu ilipofika mahali pale ikasita. Akamwendea mkubwa wake, msimamizi wa wachoraji.

"Mzee, hapa pana kiwanja. Nakijua."

"Unakijua wewe, au kinajulikana na vipimo?"

"Nakijua mimi."

"Basi nyumbani kwako chora unachokijua. Hapa chora ulicholetewa."

Zawena akachora alicholetewa. Akaacha mahali peupe.

Nanyi mnajua, penye weupe kwenye ramani huwa hapakosi mwenye rangi. Tajiri mmoja akaleta ombi: pale ajenge ukumbi wa harusi. Tusiseme uongo, wako majirani waliofurahi. Nani hapendi harusi? Nguzo za zamani zikapigwa alama ya rangi nyekundu.

Bi Mwatumu alipoiona ile rangi hakupiga kelele. Aliwapanga watoto wote wawili wawili, thelathini na mmoja, yule wa mwisho akambeba mgongoni, akaenda nao mpaka ofisi za mji. Wakakaa kwenye ukumbi mrefu wa kupitia. Wakacheza kidali po. Mmoja akakojoa karibu na kabati la mafaili.

Karani akatoka mbio. "Mama! Watoto hawa wanacheza ofisini!"

"Na wacheze wapi, mwanangu? Mmesema hatuna kiwanja. Tumehamia hapa."

Kesho wakarudi. Keshokutwa wakarudi. Siku ya nne Bwana Mipango akasema, "Mama, naomba uniache nifanye kazi. Baada ya siku saba tutakutana pale pale kiwanjani. Mwenye ushahidi kwamba hicho ni kiwanja cha mji alete. Asipoleta, ukumbi utajengwa."

Zawena alikuwa amesimama mlangoni. Aliwaona wale watoto, akauona mkono wake mwenyewe ulioacha weupe ule. Siku ile ile akaingia ghala la ramani kuukuu, mahali ambapo haruhusiwi mtu kuingia bila idhini ya mkubwa. Akafunua bomba moja moja la karatasi. Siku ya sita akaipata: ramani ya kitambaa, ina vumbi, ina Kiwanja cha Mabembea, ina mawe manne na namba zake, na umbali kutoka jiwe hadi jiwe. Akaichukua kifuani.

Siku ya saba watu wakajaa. Tajiri akaleta picha ya ukumbi. Zawena akajitokeza, akaifungua ramani. Mkubwa wake akaitazama, akamtazama, akasema maneno mawili tu: "Kazi basi." Zawena akaitika, "Ndiyo, mzee," asiondoke.

Tajiri akasema, "Ramani ni karatasi. Hayo mawe yako wapi?"

Bi Mwatumu akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Matatu nayapikia uji."

Watu wakaangua kicheko. Wengine wakashika vichwa. Zawena akapiga magoti penye mafiga, akafuta masizi kwa kitenge chake. Namba zikatoka, moja, mbili, tatu. Akasema, "Ni yenyewe. Lakini jiwe lililohamishwa halina ushahidi. Tukipata hata moja lililo mahali pake, ramani hii itatupa mengine yote." Akageuka. "Baba Fundi, rimu zako unazigongea wapi?"

Jueni jambo moja. Siku mbili nyuma tajiri alikuwa amemwambia Fundi Nyangasa, "Ukumbi ukijengwa, pembe yako nitakuachia, langoni kabisa." Na Fundi alijua kwamba viwanja vilivyotengenezwa havitaki mafuta ya gia wala milio ya nyundo. Akinyamaza, atabaki. Akifunua, huenda akaondoka.

Fundi Nyangasa akainuka juu ya gunia, akalivuta. Jiwe likaonekana, kichwa chake cha chuma kinang'aa kwa nyundo za miaka yote. Alilifunua mwenyewe, hakushikwa mkono. Lakini alilifunua watu mia wakimtazama.

Wapima wakapima kutoka pale. Pembe zote zikapatikana. Kiwanja kikapona.

Sasa sikilizeni palipo na mwiba.

Bwana Mipango akachora kiwanja kipya: bembea nane, mabomba mawili, njia ya kukimbilia, miti ishirini na sita. Kanuni ya mji ilisema, ndani ya kiwanja cha kuchezea pasijengwe kitu ila kibanda kimoja, hatua tatu kwa nne, chenye leseni ya jina moja. Wengine wote wenye shughuli zao watoke. Kwa nini jina moja? Kwa sababu katika bustani ya mjini kati walishawahi kuwapa watu watatu kibanda kimoja. Walikigawa kwa mbao, mwisho wakafikishana mahakamani, na kibanda kikafungwa. Kwa hiyo msiniambie wagawane. Na hata kama si kanuni, nani atapika uji penye mafuta ya mnyororo?

Bwana Mipango akawaita Bi Mwatumu, Fundi Nyangasa na Zawena, waliokiomba kibanda, akasema, "Nielezeni."

Bi Mwatumu akasema, "Mwanangu, mimi nilikikuta jalala. Bila ufagio wangu hapa pasingekuwa na mtu wa kusikitika. Bila watoto wangu kukaa ofisini kwako, ukumbi ungekuwa umeshapauliwa. Mawe niling'oa, sikatai. Niling'oa kwa sababu ya damu ya mtoto. Nikitoka hapa, wale thelathini na mmoja watashinda chini ya meza za sokoni."

Fundi Nyangasa akasema, "Yeye aling'oa matatu, mimi nililinda moja. Angelipata na hilo, leo mngekuwa mnakula pilau ya harusi hapa. Niliwaficha wapima? Niliwaficha. Lakini mnafichwa kwa nini? Kwa sababu mkija mnafukuza. Na tajiri aliniahidi pembe, nikaiacha. Nani mwingine hapa alikuwa na kitu mkononi akakiachia?"

"Mimi," akasema Zawena. "Mimi nilikuwa na kazi."

"Binti, kazi uliipoteza kwa kurekebisha kosa lako mwenyewe. Aliyeacha weupe ni nani?"

"Ni mimi. Ninyi wawili mlikosea bila kujua. Mama hakujua mawe ni nini, nawe Baba hukujua wapima wanatafuta nini. Mimi nilijua, nikachora. Lakini kwa sababu nilijua, nilijua pia pa kutafuta. Bila ramani, jiwe lako ni fuawe na mawe ya Mama ni mafiga. Hakuna ofisi itakayoniajiri tena. Nikipewa kibanda nitaweka meza, niwachoree watu ramani za viwanja vyao, visije vikafutwa kama hiki."

Bwana Mipango akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema, "Niulize swali moja. Kama si wewe, nimpe nani?"

Bi Mwatumu akasema, "Mpe binti huyu. Ameungua kwa ajili yetu na bado hajazaa wala hajajenga."

Zawena akasema, "Mpe Mama. Watoto hawana pa kwenda."

Fundi Nyangasa akasema, "Nipe mimi."

Watu wakacheka. "Fundi, umeulizwa kama si wewe!"

"Nimesikia, sina nta masikioni. Mama akiondoka, wanawake wa sokoni watamfuata popote na kuni zao, anapendwa. Binti ana mkono unaojua kalamu na miaka mingi mbele. Mimi nina miaka sitini na mbili na pembe hii. Hakuna atakayenifuata. Wao wameweza kutajana kwa sababu kila mmoja ana pa kuangukia. Mkinitaka niseme jina la mtu mwingine ili nionekane mwema, nitasema. Lakini nitakuwa nimekudanganya, Bwana Mipango, na nimeshachoka kuficha vitu chini ya gunia."



Bwana Mipango akafungua kitabu cha leseni. Mstari ulikuwa mmoja. Akaishika kalamu mpaka jua likavuka utosi.

Aliyetunza kiwanja kwa upendo ndiye aliyeng'oa mipaka yake. Aliyelinda mpaka alilinda fuawe yake, akaufunua ilipomgharimu. Aliyekifuta alikifuta akijua, na ndiye aliyekirudisha kwa hasara yake. Huyu hakika ana watoto wa watu, huyu hana kazi, na huyu hana wa kumtaja ila yeye mwenyewe.

Ninyi mliokaa hapa, shikeni ile kalamu. Je, mngeandika jina la nani, na wale wawili mngewatazama usoni mkiwaambia nini?