Mchana Mmoja wa Kulala

Sikilizeni, hata ninyi mliochoka. Katika hospitali moja ya huku kwenye baridi walikuwepo watu watatu. Tulinagwe alikuwa na kifua kinachojua joto. Mama Mwalongo, mfagiaji, alikuwa na masikio makali. Fundi Sanga alikuwa na subira ya kufuata waya hadi mwisho wake.

Tulinagwe alijifungua mtoto njiti, kabla ya miezi kutimia. Siku kumi na nane alilala amekaa, mtoto kifuani. Kila asubuhi alimhisi anapoa.

"Dada, chumba kina baridi."

Muuguzi alitazama kipimo cha ukutani. "Kinasema joto lipo. Ni uchovu tu, mama."

Mtoto akazidi kupungua uzito. Tulinagwe akasema tena kesho yake, na kesho kutwa, hadi fundi akaitwa.

Fundi Sanga alifungua mashine ya joto darini. Nzima. Akaifunga, akaifungua tena. Siku mbili.

"Mashine haina ugonjwa," alisema, macho mekundu.

"Basi mwanangu ndiye aliye nao?"

Mama Mwalongo alikuwa akifagia zamu mbili, maana mwenzake anaumwa. Akaegemea fagio. "Fundi, wewe unakuja saa nne. Mashine hunyamaza saa moja, uji ukishaletwa. Mimi huusikia ule ukimya."

"Mbona hukusema?"

"Nani huniuliza mimi?"

Kesho yake fundi aliwahi. Sufuria ya uji ikawekwa mezani, chini ya kipimo, mahali pake pa kila siku. Mvuke ukapanda. Mashine ikanyamaza. Fundi alifuata waya kutoka darini hadi ukutani, akagusa kipimo: cha moto. Kumbe kilikuwa kinapima uji, kisha kinaizima mashine. Akakihamishia ukuta wa pili. Baada ya siku tatu mtoto akaongezeka uzito.

Muuguzi mkuu aliwaona wote watatu walivyochoka, akaja na ufunguo. "Nina chumba kimoja cha wageni, kitanda kimoja, mchana mmoja. Atakayelala, kazi yake nitaishika mimi, hata kama ni kubeba mtoto."

"Bila mimi kipimo kingekuwa palepale," alisema fundi.

"Ungekuwa bado darini, baba," alijibu Mama Mwalongo.

"Na bila mimi nani angekuita?" alisema Tulinagwe, amefumba macho.

Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana zaidi. Ufunguo uko mezani. Wewe uliyesikiliza, ungemkabidhi nani? Amua upesi, wote watatu wanasinzia.