Sahihi Juu ya Sanduku Lililofungwa

"Elfu ishirini na nane! Nizitoe wapi, dada? Nikuuzie hii kanga niliyojifunga?"

"Mama, usinipigie kelele. Sindano za malaria hakuna. Duka la dawa lile pale ng'ambo ya barabara. Kanunue, ulete, nimchome mtoto. Mimi sizitengenezi."

"Ukutani hapo mmeandika mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure."

"Kumpima ndiyo bure. Nimeshampima."

Ndugu zangu, ugomvi huo ulikuwa kwenye zahanati ya kijiji kimoja, saa nne asubuhi, foleni imefika mpaka nje. Mama yule alikuwa kibarua wa kupalilia mashamba ya watu. Siku akipata sana, anapata elfu nne. Mgongoni amebeba mtoto wa miaka miwili, anaungua homa, macho yameanza kupinduka. Elfu ishirini na nane ni siku saba za jembe. Je, mtoto yule alikuwa na siku saba?

Kwenye benchi ameketi mzee mmoja, mfanyabiashara wa mahindi, mtu wa kuheshimika, amekuja kupima presha. Huyo ndiye ninayetaka mumtazame. Zile kelele zilimkera. Alikuwa mjumbe wa kamati ya zahanati, kijiji kizima kilimchagua kwa kunyoosha mikono, akaona ni wajibu wake kutuliza mambo. Akakohoa.

"Binti yangu, watumishi tunawaheshimu. Mambo haya yana utaratibu wake."

"Shikamoo, baba," mama akasema bila kugeuka. "Huo utaratibu unashusha homa?"

Watu wakacheka. Mzee akasikia shingo inapata moto. Nawe unayecheka hapo nyuma, cheka sasa hivi, maana mbele huko hutacheka.

Nesi naye alikuwa amechoka kusemwa. Akavuta faili, akatoa karatasi, akaigonga kwa kidole.

"Mnanisema mimi! Mwezi uliopita nilipofungua masanduku ya dawa, sindano hazimo. Hata moja! Nikapiga simu wilayani. Wakanijibu, mbona karatasi inasema mmepokea mia mbili, kamili, na mwananchi wenu ameshuhudia? Hawaleti nyingine. Haya, sahihi hii ni ya nani?"

Mzee hakuhitaji kusogea aisome. Siku ile yote ilimrudia. Lori la dawa limefika, mawingu yametanda, dereva anapiga honi. Yeye aliuliza, kwa sauti ndogo, "Tusifungue kwanza tukahesabu?" Mkuu wa zahanati akacheka, akamshika bega. "Mzee wangu, kwani huniamini?" Akaletewa soda baridi. Akatia sahihi juu ya sanduku lililofungwa, utepe wake haujaguswa.

Niwaulize. Nani kati yetu, akiambiwa mbele ya watu "huniamini?", angethubutu kujibu, "Sikuamini, fungua"? Tunaona aibu. Na aibu hiyo tunaiita heshima.

Sindano zile ziliibwa? Zilisahauliwa huko zilikotoka? Ziliuzwa lile duka la ng'ambo ya barabara? Hatutajua. Aliyetumwa kutazama hakutazama.

Nesi akamnyooshea mzee ile karatasi, foleni yote ikamgeukia. Mzee akafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Akatia mkono mfukoni, akatoa noti tatu za elfu kumi. "Chukua, binti yangu, katibie mtoto. Mungu ametupa ili tusaidiane."

"Mzee ana moyo huyu!" mmoja akasema. Mwingine akaitikia amina. Mzee akashusha pumzi. Mambo yamekwisha.

Mama akazipokea. Hakuwa na nafasi ya kuringa. Akampa jirani yake wa foleni akimbie dukani, kisha akamgeukia mzee.

"Baba, gunia la mahindi hulinunui mpaka ulichome bambo, utoe punje, uzinuse, uzitafune. Gunia moja! Sanduku la dawa za watoto wetu, hata utepe ulishindwa kuubandua?"

"Binti, si nimekusaidia?"

"Umenisaidia, asante. Lakini mkono wangu sikuunyoosha siku ile ili uje unihurumie. Niliunyoosha ili ukahesabu. Na huyu aliye nyuma yangu je? Na atakayekuja kesho? Mfuko wako utawatosha?"

Mtoto alichomwa sindano, akapona. Msifurahi upesi. Yule wa kesho alikuja, na mzee hakuwepo kwenye benchi.

Wapendwa, mzee yule hakuwa mwizi. Angekuwa mwizi ingekuwa rahisi, tungemlaani kisha twende tukale. Alikuwa mtu mwema. Yule ni sisi. Sisi tunaopitisha kapu humu kila mwezi kuchangia wagonjwa, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani tumeshiba wema wetu, wala hatuulizi dawa zimekwenda wapi. Maskini anadai haki yake, tunampa huruma, tena tunataka atushukuru! Na kushuhudia usichokiona kunaitwaje? Jina lake tulifundishwa tungali watoto. Ni uongo. Hata ukinyweshwa soda, ni uongo.

Kufungua sanduku si matusi. Mtu msafi akihesabiwa anakasirikia nini?

Wajumbe wa zahanati yetu mmo humu. Wawili nawaona, wa tatu amejibanza nyuma ya nguzo. Lori la dawa linakuja Alhamisi. Leo kapu likiwafikia, liacheni lipite, hatutaki fedha zenu. Tunawadai kuhesabu, sanduku kwa sanduku, mbele ya watu, kabla ya sahihi. Hilo ndilo deni. Alhamisi, tulipeni.