Pimbi na Kibao Kisichoonekana

Hapo zamani za kale, na msogee karibu kwa sababu sauti yangu si ya jana, wanyama walikuwa na mji wao wenye soko, mahakama na hata kituo cha basi. Basi lenyewe lilikuwa Tembo. Alibeba abiria kumi mgongoni, na mkia wake ndio uliokuwa mlango.

Mjini humo aliishi Bi Pimbi, mjane mwenye watoto watano wasiojua kushiba. Riziki yake yote ilikuwa mkokoteni mmoja wa mbao, aliousukuma tangu alfajiri akiwabebea wenzake mizigo.

Alhamisi moja asubuhi alimpakia Mzee Kobe kumpeleka sokoni. Wakafika mahali peupe kando ya barabara, Pimbi akasimama ili mzee ashuke. Kobe akatoa mguu wa kwanza. Akapumzika. Akatoa wa pili. Akauliza habari za watoto. Alipofikia mguu wa tatu, Tembo alikuwa nyuma yao amejaa abiria na hasira, mkonga wake ukilia paaa! paaa!

Mara ardhi ikatikisika, du du du, akaja Faru, askari wa barabarani. Huyu Faru alikuwa na nguvu za ajabu na macho ya bure. Alikamata kwa masikio: akisikia tu magurudumu yametulia, huyo, keshafika na mnyororo.

"Umesimama kwenye kituo cha basi," akanguruma, akafunga gurudumu. "Kibao hujakiona?"

Pimbi akaangaza huku na huku. Hakuona kibao. Akaeleza habari ya Mzee Kobe na miguu yake minne, akaomba, akabembeleza, wapi! Faru alimwandikia faini ya magunia matatu ya viazi, yalipwe kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo mkokoteni utakuwa mali ya mji. Kisha akauburuta mpaka uani mwa mahakama.

Magunia matatu, na nyumbani kwake hakukuwa na hata kiazi kimoja cha kumnyamazishia mtoto! Pimbi alikaa kando ya barabara akalia, wala simlaumu, mimi pia ningelia.

Machozi yalipokauka akabaki anatazama. Faru alikuwa amerudi kazini, ameegemea kitu, anajikuna makalio: kwaru, kwaru, kwaru. Jua lilipofika utosini akaenda kunywa maji, na hapo ndipo Pimbi alipokiona kibao. Kumbe nguzo yake ndiyo aliyojikunia askari siku zote! Maandishi yalikuwa yamefunikwa na tope la mwili wake, na alipokuwa kazini, hata alipokuja kufunga mnyororo, nguzo nzima ilipotea nyuma ya lile umbo lake kubwa.

Pimbi mbio mpaka mahakamani. Hakimu alikuwa Kiboko, aliyesikiliza kesi akiwa ndani ya birika la maji, pua na masikio tu nje. Pimbi akamweleza kila kitu. Kiboko akacheka mpaka maji yakamwagika.

"Askari azibe kibao chake mwenyewe? Bi Pimbi, mimi nikipita pale nitakiona hata nikiwa nasinzia. Lipa faini."

Wengine wangekata tamaa hapo. Pimbi akainamisha kichwa kwa adabu, kwa sababu shauri lilikuwa limeshamjia.

"Sawa, Mheshimiwa. Nina ombi moja tu. Kesho, kabla sijaupoteza mkokoteni wangu, uje upatazame mahali penyewe, watu wasije wakasema uliamua kesi ukiwa unaoga. Na Bwana Faru asimame vilevile alivyosimama leo, afanye kazi yake kama kawaida, asimpendelee yeyote."

Kiboko hakupenda kusemwa. Akakubali kuja, akatuma na amri kwa Faru: simama kama kawaida, usimpendelee yeyote.

Faru akavimba kichwa. Hakimu anakuja kumwona kazini! Ijumaa asubuhi alifika mapema, akaiegemea nguzo, masikio wima. Wanyama wakajaa ng'ambo ya barabara kuja kutazama. Pimbi alikuwa kati yao na watoto wake watano. Hili lisipofaulu, watoto hao watalala njaa leo, na kesho, na keshokutwa.

Kiboko akaja juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, maana mawili yasingemweza. Nyiii-kwe, nyiii-kwe. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Aliona nyasi. Aliona Faru anajikuna. Kituo kiko wapi? Jua lilikuwa kali, na ngozi yake haikuwa na urafiki na jua. Akaona mahali peupe pazuri, akasimama apanguse jasho kwanza, kisha aulize.

Baiskeli ikanyamaza. Du du du! Mnyororo ukalia chaka!

"Umesimama kwenye kituo cha basi," akanguruma Faru. "Kibao hujakiona?"

"Kibao gani?" akafoka Kiboko. "Hapa hakuna kibao chochote!"

Tumbili mmoja akaangua kicheko, na barabara nzima ikamfuata. Faru hakujua wanacheka nini. Alikuwa anaandika: magunia matatu, na mengine matatu kwa kumfokea askari.

"Faru, mimi ni hakimu."

"Na mimi nimeamriwa nisimpendelee yeyote."

Pimbi akavuka barabara polepole, mikono nyuma.

"Mheshimiwa, uamuzi ni wako. Kama kibao kinaonekana, tutalipa sote wawili. Kama hakionekani..."

Kiboko akautazama mnyororo. Akautazama umati. Akakohoa kidogo, kisha akatangaza kwa sauti nzito kwamba ni dhuluma kubwa kumtoza mnyama faini kwa kibao kilichofichwa. Faini zote mbili zimefutwa, mkokoteni urudishwe sasa hivi, na Faru akioshe kibao kwa mkono wake na atafute mti mwingine wa kujikunia.

Pimbi akaenda zake akisukuma mkokoteni, watoto wote watano wamepanda juu wanaimba.

Nami nawaambia, wanangu: mkubwa huielewa shida ya mdogo siku anapofungwa mnyororo uleule.