Mataruma Sita Relini

Kaeni, wapendwa. Kaeni vizuri, maana leo sina haraka, na Mzee Shemhilu ameniambia tangazo ni moja tu. Nitalifikia.

Kabla ya hapo nataka twende wote kwenye mashamba ya mkonge. Wengi wenu mmekulia huko kama mimi. Mnazijua zile reli nyembamba zinazoshuka kutoka shambani hadi kiwandani, na yale mabehewa ya wazi yanayobeba majani ya mkonge. Asiyeyajua avumilie, nitaeleza polepole kama ninavyowaeleza wanangu wa kipaimara, na wao huwa wanaelewa mara ya tatu.

Alikuwepo dereva mmoja wa kichwa cha treni, kile kidogo cha dizeli chenye kelele kubwa kuliko umbo lake. Hakuwa mtu wa maneno. Wenzake walimcheka kwa sababu aliendesha taratibu hata njia ikiwa tupu, na kila alipofunga breki aliifunga kidogo kidogo, kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Walimwambia atafika kazini siku ya kustaafu. Yeye alicheka nao, akaendelea vile vile.

Asubuhi moja alikuwa amesimamisha kichwa chake bondeni, juu kidogo ya karavati, lile daraja dogo la saruji, pamoja na nyapara na kikosi cha wafanyakazi waliokuwa wakibadilisha mataruma. Mataruma ni yale magogo yanayolazwa chini ya reli. Ukishavuka lile karavati, reli inakatiza uwanja wa kuanikia singa, zile nyuzi za mkonge, na mwisho wa uwanja kuna kiwanda. Siku hiyo uwanja ulikuwa umejaa akina mama wanaanika.

Basi wakasikia kengele ya juu mlimani. Si kengele hasa, ni kipande cha reli kilichotundikwa, na kikigongwa bila kupumzika ujue kuna jambo. Wakainua macho. Kwenye kona ya mbali wakaona behewa moja, limejaa mkonge hadi juu, linashuka peke yake. Na juu ya mkonge kuna mtu.

Huyo mtu alikuwa mkataji. Alimaliza kazi yake mapema, hakutaka kusubiri treni na hakutaka kutembea. Akachomoa kabari iliyozuia gurudumu, akasukuma kidogo, akarukia juu. Alidhani atalizuia kwa mguu akifika kwenye mteremko, kama alivyozoea kufanya na mabehewa matupu. Wapendwa, tupu linausikia mguu. Lililojaa halisikii.

Mtauliza, kwa nini asiruke? Upande mmoja ulikuwa mwamba, upande wa pili korongo. Sisi tuliokaa hapa kwenye mabenchi ni rahisi sana kumshauri mtu aruke.

Tena behewa lenyewe bado halikuwa na kasi ya kutisha. Lilikuwa na mwendo wa baiskeli. Hapo ndipo watu wengi tunapokosea hesabu, tunatazama kasi tu na kusahau mzigo. Baiskeli ikikugonga utakwenda nyumbani unachechemea. Tani tatu zikikugonga kwa mwendo huo huo wa baiskeli, nyumbani watakupeleka wengine.

Sasa, nyapara alikuwa mtu mwema, sitaki mmchukie. Aliwaza wale akina mama uwanjani, akawaza kiwanda. Akawaamuru watu wake, "Leteni mataruma hapo kwenye karavati, yalazeni juu ya reli. Sita." Akamgeukia dereva. "Na wewe vusha kichwa chako upesi, kakiweke njia ya pembeni kisije kikadhurika."

Dereva akatazama mataruma yanavyobebwa. "Ukiyaweka hayo, behewa litasimama," akasema.

"Ndicho ninachotaka."

"Na yeye je?"

"Amejitakia mwenyewe. Kabari kaichomoa yeye."

"Mimi sikuuliza nani kaichomoa," dereva akasema.

Ngojeni hapo kidogo. Mnaelewa dereva aliona nini? Gogo linazuia behewa, halimzuii mtu aliye juu ya behewa. Magurudumu yatagota na kusimama, lakini yule mtu atabaki na mwendo wake wote, ataendelea nao hewani mpaka akutane na kitu cha kumsimamisha. Na pale mbele kulikuwa na ukingo wa saruji wa karavati. Mwendo mtu anaokuwa nao haufutiki kwa sababu sisi tumekasirika. Lazima uende mahali.

Akina mama mnalijua hili kuliko mimi. Mwenzako akikurushia yai, unalidakaje? Unaukaza mkono kama ubao? Ukifanya hivyo umejimwagia yai. Unalipokea huku mkono unarudi nyuma, unakwenda nalo lile yai, unalipunguza, mpaka limetulia kiganjani. Yai lile lile, aliyelirusha yule yule, tofauti ni mkono.

Dereva akasema, "Waambie akina mama watoke uwanjani. Na hayo mataruma yaondoeni, nitarudi na njia hii hii." Akapanda. Hakuvuka karavati. Akakipandisha kichwa mlimani, moja kwa moja kuelekea behewa.

Watu wakashika vichwa. Mmoja akasema, "Amechanganyikiwa, anakwenda kugongana nalo uso kwa uso." Na kweli, wapendwa, kama angeendelea vile, mwendo wake ungejumlika na mwendo wa behewa, na tungekuwa na misiba miwili. Wangapi wetu tunawaendea watu hivyo? Tunasikia fulani anaporomoka, tunapandisha kwa nguvu zote tukamkabili, kisha tunarudi nyumbani tunasema nimemweleza ukweli. Umemweleza, ndiyo. Vipande vyake ameokota nani?

Lakini dereva alipofika katikati ya mteremko alisimama. Halafu akaanza kurudi nyuma. Anashuka, na behewa linashuka nyuma yake, linamkaribia. Akaongeza mwendo.

"Mwoneni," nyapara akasema, "sasa anakimbia."

Hata yule mkataji aliona hivyo. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkonge, ameshika kamba kwa mikono miwili, na alipoona kile kichwa kinamwacha alilia kama mtoto, maana alidhani lile lilikuwa tumaini la mwisho na limeondoka.

Asichokiona ni kwamba dereva alikuwa ametoa kichwa nje ya dirisha, anatazama juu, hatazami anakokwenda. Alikuwa anamtazama yeye. Aliongeza mwendo mpaka ukakaribia ule wa behewa, ukabaki chini yake kidogo tu. Kati yao zikabaki hatua kumi, zikawa tano, ikawa moja. Watu bondeni wakajikunyata wakingoja mlio. Hawakusikia kitu. Behewa liliegemea kichwa cha treni kama mtu aliyechoka anavyoegemea ukuta.

Ndipo akaanza kufunga breki kwa mtindo wake ule wa kuchekwa, kidogo kidogo. Magurudumu yakatoa cheche, ukaja moshi, ikaja harufu ya chuma kinachoungua. Ule mwendo wote ambao ungeingia kwenye mbavu za mkataji, dereva aliuchukua yeye kwenye breki zake, ukawa moto. Iligharimu. Breki zile hazikufaa tena baada ya siku hiyo.

Mmefurahi? Msifurahi bado. Tazameni kule chini kwenye karavati. Akina mama wameshatoka uwanjani, lakini mataruma sita bado yako juu ya reli. Nyapara hajayaondoa. Hakukataa kwa ubaya, aliogopa tu. Aliona behewa na kichwa vinakuja vimeshikana, vinapungua mwendo lakini havijasimama, na akawaza, kama akishindwa je? Na watu wake walikuwa wanamtazama yeye.

Mama mmoja wa kuanika singa, mtu mzima, akatoka kwenye kundi. Akakaza kanga kiunoni, akainama, akashika ncha ya taruma la kwanza. Halikunyanyuka. Taruma ni la watu wawili. Hakupiga kelele wala hakumtukana nyapara. Alimwangalia tu, akasema, "Shika huku."

"Na asipoweza kusimama, mama?"

"Shika huku, baba."

Nyapara akashika. Alipoinama yeye, wote wakainama. Taruma la sita lilikuwa bado mikononi mwao kichwa cha treni kilipopita kwa mwendo wa mgonjwa anayejifunza kutembea. Kikavuka karavati, kikasimama katikati ya uwanja.

Mkataji akashuka, akakaa chini kwenye majani. Akamwambia dereva, "Nilidhani unanikimbia."

Dereva akamjibu, "Nilikuwa nakusubiri. Ila ningekusubiri nimesimama, ningekuua."

Wapendwa, najua mnachongoja. Mnangoja niseme, twendeni tukawe kama yule dereva. Sisemi hivyo. Wengi wetu hatuna kichwa cha treni, hatujui hata breki iko upande gani. Ninalo swali dogo zaidi kuliko hilo. Yale mataruma yaliwekwa na nani? Hayakuwekwa na shetani. Yaliwekwa na watu wazuri, waliokuwa na sababu nzuri, asubuhi na mapema. Na dereva hodari kuliko wote angekufa pale pamoja na aliyemwokoa, kwa sababu ya magogo ya watu wazuri.

Sasa nimefika kwenye tangazo.

Ninalo hapa mfukoni, hili. Wote mnajua linamhusu nani, kwa hiyo sitamtaja. Tangu amzike mkewe amerudi kwenye pombe. Kabari ameichomoa mwenyewe, sikatai. Tangazo linasema asikaribie meza ya Bwana, asisimame na kwaya, na washirika wasimtembelee nyumbani mpaka atakapotubu. Nimeliandika kwa mkono wangu siku ya Ijumaa. Na nilipomaliza nilijisikia vizuri, niliona nimefanya kazi. Hilo ndilo lililoninyima raha jana kutwa.

Nikilisoma, litalisimamisha behewa lake. Na yeye je?

Leo mchana nitakwenda kwake. Nitatembea naye upande ule ule anaokwenda, mpaka aniegemee. Mzee Shemhilu, usinitazame hivyo, sitakunywa. Lakini nitamwambia nini kama nyuma yangu nimeacha gogo njiani? Nimleteje hapa?

Gogo lenyewe ni jepesi, karatasi moja tu. Ila lina saini mbili, yangu na ya mzee wa kanisa, na siwezi kuliondoa peke yangu. Sidhani Mungu alitaka niweze.

Mzee Shemhilu, njoo hapa mbele, baba. Najua unaogopa kwa ajili ya hawa wengine, na mimi naogopa.

Shika huku.