Benchi la Nyuma Kabisa

Hapo zamani, juu kwenye mashamba ya pareto, palikuwa na kanisa lililofungwa kamba katikati. Mbele ya kamba walikaa Wazungu, nyuma ya kamba walikaa Waafrika. Ukungu peke yake ndio uliokaa popote ulipotaka.

Mwaka ukaja, washarika wakakubaliana: kamba ikatwe, kila mtu akae anapopenda. Ikakatwa. Usiku huo wengi waliota kanisa linaelea kama wingu.

Jumapili, bibi mmoja aitwaye Nakijwa akaenda kwenye benchi lake la nyuma kabisa. Akamkuta Gertrudi, binti wa mlowezi, ameshakaa. Wazungu wote walikuwa wamebanana huko nyuma, kwa toba. Waafrika nao hawakuhama walikozoea. Mchungaji akabaki kuuhubiria ukungu.

"Sogea, binti," akasema Nakijwa. "Mlianza kutuchukulia mbele. Sasa na nyuma?"

"Mama, kule mbele hapakaliki. Pananichoma."

"Basi simama."

Watu wakacheka. Nakijwa hakucheka. Akaupapasa ubao taratibu, kama anayepapasa uso wa aliyelala.

"Mwanangu Eliwaza alifia hapa, mapajani pangu, kwa homa. Mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa mbele ya kamba, nami sikuthubutu kuvuka. Nikikaa hapa namsikia akipumua. Hapa ni pangu."

Gertrudi akainama. "Nilikuwa mtoto. Niligeuka, nikakuona. Baba akanigeuza kichwa nitazame madhabahu. Tangu siku hiyo sijui kusali. Niache nikae ulipokaa, mama, nitazame ulichokuwa ukitazama. Labda nitajua."

Hapo akaja shemasi Elinami, mtoto wa pili wa Nakijwa, akalishika benchi.

"Mama, niwie radhi. Eliwaza alikuwa dada yangu. Lakini jana binti yangu kaniuliza kwa nini sisi ni watu wa nyuma. Benchi hili nalitoa nje, nalipasua kuni. Asilirithi mtu yeyote."

Nakijwa akashika ncha moja. Gertrudi akashika ncha ya pili. Elinami akashika katikati. Benchi likainuka kidogo kutoka sakafuni, likatulia hewani. Hakuna aliyevuta, hakuna aliyeachia. Kwaya ikasahau wimbo.

Haya, wanangu, fikirini bila haraka. Mmoja alilia juu yake, mmoja anataka kulia juu yake, mmoja hataki mwanawe alie. Je, nani alistahili kupewa benchi lile?