Foleni ya Mawe

Mwaka ule ujamaa ulipozikwa bila matanga, Mwenyekiti Lugembe alivua sare ya chama, akalinunua ghala la kijiji, kisha akamwamuru mtunza ghala, Bi Nyanzala, aondoke na makasha yake kumi kabla ya adhuhuri.

Adhuhuri Lugembe alipofika, alikuta mawe arobaini yamepangwa mstari mlangoni, kama enzi za foleni ya sukari, jiwe moja nafasi ya mtu mmoja. Mate yakamjaa.

"Wanagombea nini, mama?"

"Makasha haya, ndugu Mwenyekiti."

"Niite bosi! Yana nini?"

"Vitu vya enzi zile, bosi. Havitengenezwi tena. Lakini wenye mawe wametangulia."

"Foleni ilikufa na ujamaa! Hili ni soko huria, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama!"

Akamlipa laki tano, akapakia makasha yote bila kuyafungua.

Jioni alirudi mbio na kitabu mkononi, akamkuta Bi Nyanzala anafunga mkeka wake tayari kwa safari. Makasha yote yalijaa hotuba ya Lugembe mwenyewe, *Mlanguzi ni Mnyonyaji*, nakala elfu nne ambazo hakuna aliyewahi kuzitaka.

"Wako wapi wenye mawe?" alifoka.

"Mawe niliyapanga mimi alfajiri, ndugu. Hotuba uliiandika wewe."